Kupiga na Kuchora: Mchoro wa Mwanamuziki kama Swali la Utafiti



1.0 Utangulizi

Mlipoiona mada ya mhadhara huu kwenye ubao wa matangazo, huenda baadhi yenu mlijiuliza mchoro una uhusiano gani na taaluma za Kiswahili. Swali hilo nililibeba mimi mwenyewe kwa muda mrefu, na jibu lake sikulipata maktabani. Nililipata Mabatini, jijini Mwanza, nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, penseli mkononi, mbele ya mzee aliyekuwa akipiga ndono.

Hoja ninayokusudia kuitetea ni moja. Mtu anapomchora mwanamuziki anayepiga ala mbele yake, mchoro huo hufanya kazi ya swali. Kwanza, humlazimisha mchoraji kuamua mambo ambayo msikilizaji halazimiki kuyaamua: mkono uko wapi, ala imegusa mwili mahali gani, kipi kinatangulia na kipi kinafuata. Pili, mchoro huo ukirudishwa kwa mwanamuziki aliyechorwa, humfanya aseme mambo ambayo hakuwahi kuulizwa na mtu. Maneno anayoyasema wakati huo ni sehemu ya lugha tunayodai kuichunguza. Wanaoyajua ni wachache, na wengi wao wamezeeka.

Nitaanza kwa kueleza warsha yenyewe na jambo lililotokea pale. Kisha nitatazama vitenzi vitatu vya Kiswahili ambavyo warsha hiyo ilinifanya nivifikirie upya, ndipo nitaingia katika suala la utafiti wa fasihi simulizi na, mwisho, suala la haki ya anayechorwa.

2.0 Mahali na Watu

Mabatini ni kata katika Wilaya ya Nyamagana. Kwa wanafunzi wa mofolojia jina hilo halina fumbo: ni nomino ya wingi mabati iliyoongezwa kiambishi cha mahali -ni. Nyumba nyingi zimepanda mlimani katikati ya yale majabali ambayo kila anayeifahamu Mwanza anayafahamu. Mvua ikinyesha, mabati hayo hupiga kelele kiasi kwamba watu wawili walioketi pamoja hawasikilizani. Nalitaja hili kwa sababu warsha yetu ilikatizwa na mvua mara mbili, na mara zote mbili wachoraji waliendelea kuchora huku sauti ya ala ikiwa imemezwa kabisa. Nitalirudia jambo hilo.

Warsha ilifanyika uani, katika nyumba ya kawaida, kwa Jumamosi kadhaa. Waliokuja walikuwa vijana wa shule, akina mama wawili wanaofuma vikapu, kijana mmoja mwendesha bodaboda, na mimi mwalimu wa chuo ambaye tangu shule ya msingi sikuwahi kuchora kitu zaidi ya ramani. Vifaa vilikuwa vile vinavyopatikana: migongo ya kalenda za zamani, karatasi zilizotumika upande mmoja, vipande vya maboksi vya kuegemeza karatasi, penseli, na mkaa uliochaguliwa kutoka kwenye gunia la jikoni. Aliyetuongoza alikuwa fundi wa kuandika mabango ya maduka, mtu mwenye mkono mwepesi na maneno machache.

Wapigaji walikuwa wanne: mzee wa ndono, wapigaji ngoma wawili, na kijana mpiga gitaa. Kanuni ilikuwa fupi. Mpigaji anapiga wimbo mmoja. Wimbo unapoanza mnaanza kuchora, na unapokwisha mnaweka penseli chini. Hakuna kufuta. Fundi alikuwa amekusanya ufutio wote akautia mfukoni.

Yafaa niieleze ndono kwa wale wasioifahamu. Ni upinde wenye uzi mmoja, uliofungiwa kibuyu kilichokatwa mdomo. Ni ala ya Wasukuma na Wanyamwezi, ingawa ala za jamii yake zimeenea sehemu nyingi za Afrika. Mpigaji hushika upinde kwa mkono mmoja na kuupiga uzi kwa kijiti chembamba kwa mkono mwingine. Mdomo wa kibuyu huelekea kifuani au tumboni mwake, naye hukisogeza na kukitenga kidogo kidogo, na kwa njia hiyo sauti hubadilika. Kwa maneno mengine, mwili wa mpigaji ni sehemu ya ala. Maelezo haya nayatoa leo kwa ufasaha kiasi, lakini nitakiri baadaye kwamba kwa miaka mingi nilikuwa sijui lolote kuhusu jambo hilo la mwisho.

3.0 Kibuyu Kilichoziba

Jumamosi ya pili, wimbo ulipokwisha, binti mmoja wa kidato cha pili alimpelekea mzee karatasi yake kwa mikono miwili.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Lete nione.”

Aliitazama kwa muda mrefu. Sisi wengine tulidhani anatafuta namna ya kusifu.

“Umenichora vizuri,” alisema. “Koti ni langu, na masikio haya ni yangu. Ila hapa nimenyamaza.”

Binti hakuelewa. Alisema kwamba alimchora wakati anapiga, tena katikati ya wimbo.

“Najua. Lakini tazama kibuyu. Umekigandisha kifuani. Kikiganda hivi kimeziba, sauti itatokea wapi?”

Akaichukua ndono akaonyesha. Alikibandika kibuyu kifuani akapiga uzi: ukatoka mlio mfupi, mnene, kama wa mtu anayezungumza ndani ya blanketi. Akakitenga kwa upana wa vidole viwili akapiga tena: mlio ukafunguka. Kisha akapiga mfululizo huku akikifunga na kukifungua, na hapo ndipo wote tuliokuwa uani tuliposikia kwamba wimbo ule ulikuwa na sauti mbili, ilhali uzi ulikuwa mmoja. Tulikuwa tumeusikia wimbo huohuo wiki nzima iliyotangulia, maana kijana mmoja alikuwa ameurekodi kwenye simu yake na kuupiga kila mahali.

Binti alichora tena. Safari hii alikichora kibuyu mara mbili katika karatasi ileile, mstari mmoja ukiwa karibu na kifua na mwingine ukiwa mbali kidogo, kama kitu kinachotikisika. Mzee alicheka.

“Haya. Sasa napiga.”

Tangu hapo mambo yalifunguka. Wapigaji wote walitaka kuona walivyochorwa, na kila mmoja alikuwa na kesi yake. Mpigaji ngoma mmoja alilalamika kwamba amechorwa mikono yote miwili ikiwa juu ya ngozi. “Mikono ikishuka pamoja hiyo siyo ngoma yetu,” alisema, “hiyo ni kubisha hodi.” Akaeleza mkono upi unashuka, upi unangoja, na unangoja ukiwa umbali gani. Kijana wa gitaa aliona kwamba amechorwa akiutazama mkono wake wa kushoto, akaona haya kidogo, akasema kwamba anayejua haangalii. Wiki iliyofuata alipiga akiwa amenyanyua uso.

Katika Jumamosi nne nilijaza daftari zima. Halikujaa michoro, kwa maana michoro yangu ilikuwa duni. Lilijaa maelezo yaliyotolewa na watu hawa wakati wa kuisahihisha michoro ya wenzangu.

4.0 Kupiga, Kuchora na Kuwamba

Sasa nigeukie lugha. Fundi wetu alikuwa na usemi alioutumia kila mtu alipoanza kuremba macho au vifungo vya koti kabla ya kuliweka umbo zima: “Piga mstari kwanza. Kuchora kutakuja.” Awali niliuchukulia kuwa usemi wa kazi tu. Baadaye niliona kwamba anatofautisha mambo mawili kwa kutumia vitenzi viwili, na kwamba tofauti hiyo imo ndani ya Kiswahili chenyewe.

Tukianza na kitenzi piga, kila mwanafunzi wa sarufi anajua kwamba maana yake hutegemea sana yambwa inayokifuata. Tunapiga ngoma, gitaa na zeze, tunapiga simu, pasi, kura, magoti, hatua na mbio, tunapiga picha, na tunapiga mstari. Mwanafunzi mgeni wa Kiswahili hulalamika kwamba matumizi haya hayana utaratibu. Hata hivyo, mengi kati ya hayo yana jambo moja linaloyaunganisha: tendo hufanyika kwa mguso au kwa mkupuo, likitoka mwilini kwenda nje, na likishatoka halirudishwi. Pigo la ngoma haliwezi kufutwa. Mstari uliopigwa bila ufutio nao hauwezi kufutwa.

Kitenzi chora kina tabia nyingine. Kamusi za zamani zinakihusisha na kukata na kuchonga, yaani kutia alama au nakshi juu ya kitu kigumu kama vile mti. Ndiyo maana hata leo tunasema mtu amechora jina lake kwenye gogo kwa kisu, na hakuna anayeona ajabu. Kuchora, katika asili yake hiyo, ni kuacha alama inayokaa, na ni kazi inayohitaji muda na mkono uliotulia. Tunaweza kukilinganisha na kitenzi andika, ambacho tangu zamani kina maana ya kupanga vitu mahali pake, kama katika kuandika meza. Vitenzi vyote viwili vilikuwa na kazi nyingine kabla havijaingia kwenye karatasi.

Kwa mantiki hiyo, anayemchora mwanamuziki anayepiga amekaa katikati ya vitenzi viwili. Mbele yake kuna mtu anayepiga. Mkononi mwake kuna kazi ya kuchora. Akichora tu, kwa utulivu na kwa kuremba, atapata koti na masikio, naye mzee atakuwa amenyamaza. Kwanza inambidi apige: mstari wake uende kwa kasi ya mkono wa mpigaji, ukosee pale utakapokosea, kisha ndipo kuchora kuje. Fundi wa mabango aliyajua haya bila kufungua kamusi yoyote.

Jambo hili linatuletea tatizo la istilahi. Mchoro wa aina hii tuuiteje kwa Kiswahili? Neno rasimu limeshachukuliwa na mikataba, miswada na katiba. Neno skechi linasikika, lakini kwa wengi ni mchezo mfupi wa kuigiza. Pale uani mmoja wa akina mama alipendekeza chorachora. Wengine walimkatalia, na sababu yao ilikuwa ya kiisimu ingawa hawakuiita hivyo: uradidi wa kitenzi katika Kiswahili huweza kuonyesha kwamba tendo linarudiwarudiwa, lakini mara nyingi huonyesha pia kwamba linafanywa ovyo. Mtoto anayechorachora ukutani hupigwa. Mwendesha bodaboda ndiye aliyesema tuite “mchoro wa papo kwa papo”, kwa kuwa watu huzungumza pia juu ya majibu ya papo kwa papo na mashairi ya papo kwa papo. Hakuna aliyepinga. Naliwasilisha pendekezo hilo mbele yenu na mbele ya wenzetu wa Baraza la Kiswahili la Taifa, na naomba ieleweke kwamba mwenye nalo ni yeye; mimi ni mchukuzi.

Kitenzi cha tatu ni wamba. Ngoma huwambwa: ngozi huvutwa juu ya mzinga ikakazwa. Kitanda cha kamba nacho huwambwa. Jumamosi ya tatu fundi alileta kipande cha turubai akakivuta juu ya fremu ya mbao ili watu waone namna ya kuandaa kitambaa cha kupakia rangi. Mpigaji ngoma alimtazama akasema, “Kumbe na wewe unawamba.” Wakaanza kushauriana kuhusu kukaza pembe kabla ya ubavu, na kuhusu ngozi inayolegea wakati wa baridi mpaka ipashwe moto. Katika vitabu vya kufundishia sanaa tunahangaika kutafsiri istilahi hii kutoka nje, ilhali mafundi wawili wa Mabatini waliitambua kuwa ni yao wote wawili katika dakika moja.

5.0 Sauti, Matini na Mwili

Sasa naingia katika taaluma yetu. Utafiti wa fasihi simulizi katika nchi yetu umepitia hatua ambazo tunapaswa kuziheshimu. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi muziki wa makabila mbalimbali, na mwaka 1954 aliasisi huko Afrika Kusini maktaba ya muziki wa Afrika ambayo imezihifadhi rekodi zake. Bila kazi hiyo sauti nyingi zingekuwa zimepotea. Mwaka 1976 Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walichapisha Fasihi na Sanaa za Maonyesho, na tangu hapo hakuna mwanafunzi wetu mwenye kisingizio cha kuitazama fasihi simulizi kama maneno matupu yasiyo na utendaji. Upande wa pili wa ziwa, huko Kagera, M. M. Mulokozi alizichunguza tendi za Wahaya zinazoimbwa kwa nanga, na tasnifu yake ya mwaka 1986 haikuitenganisha tendi na ala hiyo.

Hata hivyo, mazoea yetu ya kila siku uwandani ni tofauti na nadharia zetu. Tunaweka kinasasauti mezani, tunarudi chuoni, tunanukuu beti, tunafasiri, na tunachambua dhamira. Nasema “tunafanya” kwa kuwa nami nimefanya hivyo. Nikiwa mwanafunzi nilikusanya nyimbo za ndono katika vijiji vya mkoa wa Mwanza. Baada ya warsha ya Mabatini niliyatafuta madaftari yangu ya wakati ule. Yana beti, yana tafsiri, yana hata maelezo ya vina. Kuhusu kibuyu hakuna neno hata moja. Sikuandika kama kilikuwa kinafungwa au kinafunguliwa, na kwa hiyo siwezi kujua leo kama zile sauti mbili zilikuwa zikijibizana na maneno ya mwimbaji au zilikwenda njia yake. Kanda zimeharibika kwa unyevu. Wazee wale wamefariki. Nilimchora fanani nikaishia mdomoni.

Najua pingamizi litakaloletwa, na ni pingamizi zito: kwa nini tusitumie video? Leo kila mtafiti ana kamera kwenye simu yake, nayo inachukua sauti, mkono na kibuyu kwa pamoja. Siipingi kamera, mtafiti anayeiacha nyumbani amekosea. Lakini tukumbuke kilichotokea uani. Wimbo wa mzee ulikuwa umerekodiwa na umesikika wiki nzima, na hakuna aliyemuuliza kitu. Baadaye kijana alimwonyesha video pia. Mzee alitazama, akatabasamu, akasema, “Ni mimi.” Maelezo yakaishia hapo. Video haikuwa na kosa, na kwa hiyo haikuhitaji kusahihishwa. Lililomfanya mzee afungue kinywa ni kosa la binti. Mchoro ulionyesha binti alivyoelewa, na palipokuwa na pengo katika kuelewa kwake, mwenye ujuzi aliliona mara moja akalijaza.

Jambo hilo lilithibitika siku tuliyokwenda Bujora. Makumbusho ya Wasukuma yako Kisesa, kilomita zipatazo 20 kutoka katikati ya jiji, katika misheni iliyojengwa na Padri David Clement tangu miaka ya 1950. Pale kuna ngoma za watemi, na kuna kumbukumbu za vyama vya Bagika na Bagalu, ambavyo mashindano yao ya ngoma yanajulikana kote Usukumani na huonekana katika sikukuu ya Bulabo kila mwaka. Washiriki wetu walizichora ngoma zile zikiwa zimetulia mahali pake. Michoro ilikuwa sahihi sana, pengine sahihi kuliko yote ya warsha. Tuliporudi Mabatini, wapigaji waliitazama wakaisifu, wakairudisha. Hawakuwa na la kusema. Ngoma isiyopigwa haikuzua kesi.

Wala tusidhani kwamba kuchora ni jambo geni lililoletwa Usukumani na warsha. Mwaka 1953 kilichapishwa kitabu cha Hans Cory kuhusu michoro ya ukutani ya vyama vya wacheza nyoka, michoro iliyotumika katika kuwafunza wanachama wapya. Cory alitazama kuta. Waliozichora walikuwa wakifundisha. Sehemu kubwa ya hati zake imehifadhiwa katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nawahimiza wanafunzi wakazisome. Mtakaloliona ni kwamba katika eneo hili mchoro ulikwishakuwa chombo cha kufundishia kabla ya mimi na ninyi kufika na mbinu zetu.

Aidha, niliahidi kurudi kwenye mvua. Mvua ilipopiga mabati tukawa hatusikii kitu, mzee hakuacha kupiga, na wachoraji hawakuacha kuchora. Kinasasauti siku ile kilileta kelele za bati tupu. Michoro ya dakika zile ndiyo iliyokuwa bora kuhusu mikono, kwa sababu watu walikuwa hawana kingine cha kufuata. Siyatoi haya kama kanuni. Nayatoa kama taarifa.

6.0 Mchoro ni wa Nani?

Kuna jambo ambalo sikulitarajia, na ambalo nadhani ni zito kuliko yote niliyokwisha kuyasema. Jumamosi ya mwisho, wakati tunakusanya karatasi, mzee aliniuliza, “Mwalimu, hizo zinakwenda wapi?”

Nikamjibu kwamba nitazihifadhi chuoni.

“Zamani walikuja watu na mashine,” alisema. “Nikapiga siku nzima. Walisema wataniletea. Nilikuwa kijana, hata mke nilikuwa sijaoa.”

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anatoa hesabu. Nilijiuliza ni wazee wangapi waliopiga siku nzima kwa ajili ya madaftari yangu, na niliwaletea nini. Jibu lilikuwa fupi.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, inawatambua wasanii watendaji na inazitaja sanaa za jadi. Lakini sheria haiji uani Jumamosi asubuhi. Anayekuja ni mtafiti. Pale pale tulikubaliana utaratibu: wapigaji wachague kwanza michoro wanayoitaka, iwe yao, iliyobaki igawanywe kati ya mchoraji na hifadhi, na chochote kitakachopelekwa chuoni kiandikwe nyuma yake maneno ya mpigaji aliyekisahihisha, kwa idhini yake. Mzee alichagua karatasi mbili. Nilidhani atachukua zile nzuri tu. Alichukua ile ya pili ya binti, yenye kibuyu kinachotikisika, na ile ya kwanza, yenye kibuyu kilichoziba.

“Hii ya nini, babu?” binti alimuuliza kuhusu ile ya kwanza.

“Hii ni ya kufundishia,” alijibu. “Mtu asipoona kosa, utamwambia nini?”

7.0 Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimalizie kwa mapendekezo matatu. Kwanza, kozi zetu za fasihi simulizi ziwe na zoezi la mchoro wa papo kwa papo. Haihitajiki kipaji, mwenye mkono duni kama wangu huzaa makosa mengi zaidi, na makosa ndiyo yanayouliza. Pili, maelezo yanayotolewa na wapigaji, wafumaji na mafundi wanaposahihisha michoro yakusanywe kwa ajili ya istilahi za sanaa, kabla hatujakimbilia kutafsiri. Tatu, kila kinachochukuliwa kutoka kwa fanani kiwe na njia ya kumrudia, na njia hiyo iandikwe katika pendekezo la utafiti kama tunavyoandika bajeti.

Miezi michache baada ya warsha, mzee wa ndono alipatwa na maradhi ya kupooza, na mkono wake wa kulia haushiki tena kijiti. Yule kijana wa gitaa ameanza kujifunza ndono kwake. Nilipowatembelea mara ya mwisho, karatasi zote mbili zilikuwa zimebandikwa ukutani kwa gundi ya unga, juu kidogo ya kichwa cha kitanda. Kijana alikuwa akipiga, na mlio ulikuwa ukitoka mfupi na mnene. Mzee hakusema neno. Aliinua mkono wa kushoto akaielekeza karatasi ya kwanza. Kijana aliitazama, akakitenga kibuyu kifuani kwa upana wa vidole viwili, akaanza upya.